Kahawa ya Ma Veneranda

Mkipita hapa Kibeta mkaniona nimekaa barazani, macho nimefumba na midomo inachezacheza, msikimbilie kuwaambia watu kwamba Ta Yoeli ameanza kuchanganyikiwa. Nipo na watu wangu. Nilistaafu ukalimani wa mahakama, lakini wale niliowasemea hawakustaafu pamoja nami. Huja asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia migomba na ziwa halijulikani limeanzia wapi, mmoja mmoja, kila mtu na kesi yake. Nawasikiliza kwa Kihaya, nawarudishia kwa Kiswahili. Mke wangu amezoea. Hunitengea chai na kuniuliza, "Leo umekuwa nani?"

Leo nimekuwa Ma Veneranda, wa huko karibu na Rubya. Ninyi vijana mnaosomea kazi hii mmenifuata mara nyingi mkitaka niwasimulie habari yake, nami nimekuwa nikiwakwepa. Nawapa za mbuzi na za senene, mnacheka, mnaondoka. Safari hii nitawapa zote pamoja. Mbuzi yumo, senene wamo, na yeye yumo.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kashaija, mtu wa koti moja la kijivu na ulimi usiochoka. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: shahidi akisema "niliona", na wewe sema "niliona". Usiseme "shahidi anasema kwamba aliona". Ukishazoea "anasema kwamba" umejipenyeza katikati ya watu wawili wanaozungumza. Kesho utaanza kufafanua, na kesho kutwa utaanza kumshauri hakimu. "Ukiingia mle ndani," aliniambia, "Yoeli abaki nje na baiskeli yake. Utamkuta ukitoka."

Basi siku yangu ya kwanza kusimama peke yangu, mshtakiwa alikuwa mwizi wa mbuzi, mtu mpole kuliko mbuzi mwenyewe. Alikiri kwa Kihaya cha kunong'ona, kiasi kwamba aliyemsikia ni mimi tu niliyesimama ubavuni pake. Nikavuta pumzi, nikamgeukia hakimu, nikatamka kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mlango wa nyuma: "Mheshimiwa, ni kweli. Mimi niliiba mbuzi, nikamchinja, nikala maini peke yangu." Kumbe shangazi yangu alikuwa ameingia muda huo huo kuja kumwona kijana wao akifanya kazi ya serikali. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini "niliiba mbuzi" alielewa vizuri sana. Alipiga yowe, akatoka mbio, na hakusimama mpaka kijijini. Nilipofika nyumbani jioni nilimkuta mama amezungukwa na wanawake wa kumpa pole, na baba yuko zizini anachagua mbuzi wa kulipa. Mpaka leo wapo wazee wanaoniita Maini.

Nilimweleza mzee Kashaija nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema watu hawasikii maneno, wanasikia sauti, na sauti ina mwenyewe. Wakati ule nilidhani ananifariji kwa ajili ya mbuzi.

Mengine niliyojifunza ni madogo madogo, lakini ndiyo yanayomweka mkalimani kazini. Maji yawe ya uvuguvugu, ya baridi yanakaba koo. Usitafune kahawa ukiwa umesimama mbele ya hakimu. Kashaija alikuwa na tabia hiyo, na siku moja punje ilimpalia katikati ya shtaka la mauaji, ikabidi mshtakiwa mwenyewe ampige mgongoni. Na usimsahihishe shahidi. Bibi akiulizwa alimwona marehemu lini akajibu, "Wakati wa senene," wewe sema "wakati wa senene". Ukisema "mwezi wa kumi na moja" ushahidi huo umeutoa wewe. Tulikuwa na hakimu kutoka pwani, mtu mwema, aliyeuliza senene ni kitu gani. Mahakama nzima ilijibu kwa pamoja, hata polisi, kwamba ni panzi wa kuliwa, watamu kuliko nyama. Mchana karani akamletea kifurushi cha senene waliokaangwa vizuri, naye akaonja mmoja kwa adabu, akaonja wa pili kwa uchunguzi, na kesi ya alasiri ikachelewa kuanza kwa sababu mheshimiwa alikuwa anatafuta waliobaki chini ya karatasi.

Na kunyamaza nako kunatafsiriwa. Hili sijui kama mnafundishwa. Mtu akiulizwa swali akanyamaza, usimjazie wala usiharakishe. Nyamaza naye, kwa urefu ule ule, uso wako ukiwa umetulia, ili yule anayekusikiliza wewe asikie kile kimya kama kilivyotoka.

Sasa Ma Veneranda.

Mwanawe wa kwanza, Deusdedit, ambaye kwao walimwita Dedi, alivuka mpaka akiwa kijana, kama vijana wengi wa huku walivyovuka, akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai ya nchi jirani. Nchi yenyewe siitaji. Mama yake hakuwahi kuitaja mbele yangu, alisema "kule" tu, na mimi siongezi. Kule kulikuwa na utawala uliotaka watu wachume chai na wanyamaze. Dedi hakujua kunyamaza. Mama yake alisema hata utotoni alikuwa akiulizwa aliyekula ugali wa mgeni anajitaja kabla swali halijaisha. Aliwakusanya wachuma chai, akawasemea kwa wakubwa wa shamba, akaandika mabango kwa mkaa kwenye magunia. Wanajeshi wakaja, wakampakia yeye na wenzake kwenye lori. Baadaye redio ya kule ikatangaza kwamba majambazi wameuawa karibu na mpaka. Hapakuwa na mwili wala kaburi. Baba yake alikwenda mpaka kwenye kizuizi cha mpakani kuuliza, akarudishwa kwa matusi, na miaka michache baadaye akafa, bado watu wakimwonyesha kidole kwamba ndiye baba wa jambazi.

Mumewe alipozikwa kibanjani, katika shamba la migomba la nyumbani, Ma Veneranda alibakiza nafasi ubavuni pake. Mnaijua migomba ilivyo, haikai mahali pamoja. Inazaa machipukizi, inasogea, ukigeuka imeingia usipoitaka. Kila mara alikwenda na jembe kuyang'oa yale yaliyotaka kuingia kwenye nafasi ya Dedi. Majirani walimshauri azike shina la mgomba badala ya mwili, kama wanavyofanya wengine mtu wao asipopatikana, ili msiba uishe. Aliwauliza, "Mgomba nimeuzaa mimi?" Akaendelea kulima. Alichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja: aambiwe Dedi amelazwa wapi, aletwe nyumbani, alale pale.

Utawala ule ulianguka zamani. Ilichukua muda mrefu sana, lakini hatimaye serikali iliyopo kule iliunda jopo la majaji kusikiliza familia za waliouawa, na kwa kuwa baadhi ya familia ziko upande wetu, kwa makubaliano jopo likaja kukaa Bukoba, katika ukumbi mmoja pale Bilele. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu. Waliniita kwa sababu walitaka mtu mwenye Kihaya cha wazee.

Walikuja na vifaa vizuri. Kulikuwa na kibanda cha kioo cha mkalimani, kina kipaza sauti, na kila shahidi anapewa vile vya kuvaa masikioni. Nilikipenda kile kibanda, nisiwafiche. Kina kiti chenye mgongo. Nikamletea Ma Veneranda vifaa vyake, nikamwambia, "Mae waitu, mama yetu, vaa hivi, utanisikia vizuri."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa mle kwenye kioo."

Akavigeuza geuza mkononi, akampa binti yake, Leokadia, aliyekaa nyuma yake. "Siwezi kuambiwa habari za mwanangu na mtu nisiyemshika. Njoo ukae hapa. Sikio hili la kulia ndilo zima."

Mwenyekiti wa jopo, jaji mama wa makamo, akakubali. Nikaletewa kigoda, nikakaa chini ya goti lake kama mtoto anayesukwa nywele. Kwa kuwa sikio lake zima nalo lilikuwa zito, ilinibidi niseme kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima.

Kabla kikao hakijaanza alifungua kikapu chake kidogo cha ukindu. Ninyi wa huku mnajua, lakini huenda maandishi haya yakasomwa na wa mbali: kwetu mgeni akifika, kabla ya chakula na kabla ya habari, anapewa akamwani, tunda la kahawa lililochemshwa na majani ya harufu nzuri likakaushwa. Analitafuna. Ndiyo karibu yetu. Kumpa mtu ni kumwambia amefika kwa watu. Kumruka wakati wengine wamepewa ni jambo zito kuliko tusi. Ma Veneranda aliwagawia majaji, akawagawia makarani, akamgawia askari wa mlangoni. Mimi akanipa akasema, "Kaza ulimi, Ta Yoeli." Nikaiweka mfukoni, nikikumbuka mgongo wa Kashaija.

Akaingizwa Afande. Ndivyo nitakavyomwita. Alikuwa mzee mwembamba ndani ya koti lililompwaya, askari wa zamani wa utawala ule, ameletwa kutoka gerezani kule alikokuwa anasubiri hukumu baada ya kukiri. Nilitegemea kuona mtu wa kutisha. Nilimwona babu anayetafuta mahali pa kuweka mikono yake, na hilo liliniudhi zaidi. Ma Veneranda alifunika kikapu.

Afande alizungumza Kiswahili cha kambini, maneno mafupi mafupi. Mwenyekiti akamuuliza kama alimjua Deusdedit.

"Nilimjua kwa jina. Alikuwa kwenye orodha tuliyopewa."

Nikasema kwa Kihaya, sikioni mwa mama yule: Nilimjua kwa jina. Alikuwa kwenye orodha tuliyopewa.

"Nani alimpiga risasi?"

"Ni mimi. Niliamriwa, lakini aliyepiga ni mimi. Yule kijana alikuwa amefungwa mikono."

Vijana wangu, nimesema mengi katika maisha yangu. Nimebaka, nimechoma nyumba, nimeuza shamba la yatima, nimeua kwa panga na kwa sumu, yote kwa ulimi huu, na jioni nikaenda kuimba kwaya. Lakini sikuwahi kukaa chini ya goti la mama nikamwambia, kwa lugha yake aliyomwimbia mtoto, "Aliyepiga ni mimi." Nilitamani kusema "mwanao" badala ya "yule kijana". Ningempunguzia hata kidogo. Sikubadilisha. Nikasema "yule kijana", kwa sababu ndivyo alivyosema, na mama alikuwa na haki ya kujua kwamba ndivyo alivyosema.

"Mlimzika wapi?"

"Kule kule. Nyuma ya kiwanda cha chai kuna mikaratusi, na kuna mfereji mkubwa wa zamani. Kati ya mfereji na mti wa mwisho. Nilichimba mimi."

Nilipomaliza kusema "nilichimba mimi", Ma Veneranda alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Hakumtazama Afande hata kidogo. Alinitazama mimi, kwa yale macho yake yaliyoanza kuingia ukungu, akauliza, "Ulimlaza vipi?"

Nikamgeukia Afande. "Ulimlaza vipi?"

Akanyamaza. Nikanyamaza naye, kama nilivyofundishwa, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa mama. Nje mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati, ile mvua yetu ya Bukoba inayokuja bila kubisha hodi, na mle ndani hapakusikika kitu kingine. Nikawa nauona mti wa mwisho, gome lake linabanduka. Nikaona udongo mwekundu kwenye kucha. Sijui nilikuwa naona kwa macho ya nani.

Afande akasema, "Sikumlaza. Nilimsukuma kwa buti."

Nikamwambia mama: "Sikumlaza. Nilimsukuma kwa buti."

Akaniachia mkono.

Kikao kilipofungwa watu walisimama. Ma Veneranda akafungua tena kikapu, kama inavyopasa watu wanapoagana, akapita akigawa. Kwa majaji, kwa makarani, kwa askari wa mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya karani na askari, nimekinga kiganja. Alipita kana kwamba pale pamesimama nguzo. Nilibaki nimekinga mkono mpaka mwenyewe nikaona aibu nikauingiza mfukoni, ukakutana na ile kahawa ya asubuhi.

Leokadia alinifuata uani. "Ta Yoeli, umsamehe mama. Anajua si wewe. Anasema sauti yako imekaa sikioni mwake, na kila akiisikia anamwona Dedi anasukumwa."

"Mwambie hana kosa," nikasema.

Nilisema hivyo, lakini iliniuma. Iliniuma vibaya. Nilikuwa nimefanya kazi yangu bila kuharibu neno, na malipo yake ni kurukwa mbele za watu na mama ambaye ningependa aniite mwanawe. Nilitoka nikaenda pale nilipomwacha Yoeli nje, nimkute kama Kashaija alivyoniahidi, lakini sikumkuta.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Wakanipa saa ya ukutani na maneno mazuri. Nikawa nakaa hapa barazani, na nikisinzia mchana kidogo tu, nipo nyuma ya kiwanda cha chai. Ndoto yenyewe haikuwa ya kutisha, hilo ndilo lilinisumbua. Kulikuwa na upepo mwororo, majani ya mikaratusi yanashuka polepole bila kugusa chini, na mimi nachimba bila kuchoka. Naamka, nanusa viganja. Mke wangu akiniuliza nimekuwa nani, namwambia sijui. Akaanza kunichokoza kwamba Walutheri hatuna mtakatifu wa kumwomba mambo kama hayo, niende nikaazime kwa Wakatoliki. Nilicheka, ila kama mtakatifu huyo angepatikana ningemwendea. Kanisani niliacha kusoma masomo. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo, kuna mtu mahali fulani atakayefunika kikapu.

Huku nyuma jopo lilikuwa linafanya kazi. Walikwenda na wataalamu kwenye ile mikaratusi, wakachimba kati ya mfereji na mti wa mwisho. Waliwapata, Dedi na wenzake. Walichukua mate ya Leokadia na ya mama yake kupimanisha na mifupa ile. Afande alihukumiwa kifungo ambacho hataishi kukimaliza. Yule mkubwa aliyetoa amri hawakumpata. Alikuwa ameshakufa kitandani mwake, amezungukwa na wajukuu, na nasikia alizikwa kwa bendi. Haki yenyewe ilikuja hivyo, upande mmoja umevaa kiatu na mwingine peku. Nawaambieni kama ilivyokuwa, msije mkadhani kazi hii huishia pazuri kila mara.

Ndipo Leokadia akanipigia simu. "Dedi anakuja Jumamosi. Mama anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Amesema Ta Yoeli wa sikio la kulia."

Nikapanda gari la asubuhi la kwenda Muleba. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, vilele tu vya vilima ndivyo vilivyojitokeza, na gari lilikuwa kama linaelea. Nilijiandaa kufukuzwa. Nilijiandaa pia kwa heri, lakini kidogo tu, nisije nikazidisha.

Nyumbani kwake nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni na harufu yake imejaa nyumba. Yeye amekaa kwenye mkeka, macho sasa yamefunikwa kabisa na mtoto wa jicho. Nikapiga magoti kumsalimu. Alipoisikia sauti yangu alishtuka kidogo, nikaona.

"Ta Yoeli, nilikuruka."

"Ndiyo, Mae."

"Nilijua si wewe. Lakini kujua na kutafuna ni vitu viwili. Nisingeweza kutafuna na kile kinywa."

"Naelewa, Mae waitu."

"Leo kuna watu wa kule, wamekuja na maneno yao. Wana mkalimani wao, msichana mzuri, nimemkatalia. Nataka kinywa kile kile kilichoniambia yuko porini. Habari walianza kuniletea kwa kinywa hicho, waimalizie nacho."

Kibanjani kaburi lilikuwa limechimbwa pale pale palipolindwa na jembe miaka yote ile, ubavuni pa baba yake, majani ya migomba yamekutana juu yake mpaka mwanga uliokuwa ukishuka ulikuwa wa kijani. Ukoo mzima ulikuwapo, na majirani, pamoja na wale wazee ambao zamani walimwonyesha kidole baba wa Dedi. Mama akakaa kwenye kiti, mimi kwenye kigoda, sikio la kulia.

Mjumbe wa serikali ya kule, bwana mmoja wa suti nyeusi, akasoma kwa Kiswahili, nami nikasema naye, sentensi kwa sentensi. "Sisi tunakiri kwamba Deusdedit hakuwa jambazi. Alikuwa mtu aliyewatetea wenzake. Askari wetu walimuua kwa amri yetu, wakamficha, nasi tukasema uongo." Niliyasema hayo kwa Kihaya kwa sauti yangu yote, ile ya siku ya maini, na yakafika mpaka barabarani. Mmoja wa wale wazee alivua kofia. Mjumbe akamaliza: "Tunaomba msamaha."

Mama akasema, "Nimesikia."

Mjumbe akaninong'oneza, "Ana maana amesamehe?"

"Amesema amesikia," nikamjibu. "Hajasema zaidi."

Padri akabariki, jeneza likashushwa. Halikuwa zito. Watu waliimba taratibu, na mimi nikahisi kama usingizi wa barazani unanijia, ule wa majani yasiyogusa chini. Nikayangoja yaje. Mara nikahisi kifundo cha mkono kimeshikwa na mkono mkavu, wa moto.

"Amelazwa vipi?"

Kwa mazoea niligeuka kumtafuta wa kujibu, ili nimpelekee swali. Nikamtazama padri, nikamtazama mjumbe. Mama akanivuta mkono.

"Nakuuliza wewe. Mimi sioni."

Vijana, hapo hapakuwa na mtu wa kumsemea. Niliinuka, nikaenda mpaka ukingoni, nikatazama ndani vizuri, bila haraka, kama shahidi anayejua ataulizwa. Kisha nikarudi, nikapiga magoti kwenye lile sikio.

"Mae, nimemwona mimi mwenyewe, Yoeli. Vijana wa ukoo wameingia ndani wakampokea kwa mikono. Kichwa kiko upande wa nyumba yako. Baba yake yuko karibu naye, kuna udongo tu katikati. Amelazwa polepole. Hakuna aliyemsukuma."

Akanyamaza. Nikanyamaza naye. Watu walikuwa wameshaanza kurudishia udongo, na bado alikuwa amenishika, midomo yake inachezacheza bila sauti, sikujua anazungumza na nani na sikuuliza.

Halafu akapapasa kikapu chake, akatoa tunda moja la kahawa, akalipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na punje mbili, kama kawaida. Moja akaitia kinywani mwake. Nyingine akaitafutia njia kwa vidole usoni pangu, akaigusa midomo yangu, akaitia.